Kibaba, Pishi na Kilo: Mchele Ulivyopimwa Pwani ya Kusini

Kumi la mwisho la Ramadhani likishaingia, misikiti ya Diani, Gazi, Msambweni na Vanga huwa na hesabu moja ya kufanya. Waislamu wengi wa pwani hii tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo kila nafsi iliyomo nyumbani, kubwa kwa ndogo, hutolewa zaka ya fitri: pishi moja ya chakula ambacho watu wa mji wanakitegemea. Pishi ni chombo, hujazwa. Duka nalo linauza mchele kwa kilo. Basi ni lazima mtu ageuze ujazo kuwa uzito kabla ya kwenda kununua, na hapo ndipo majibu yanapotofautiana. Kuna wanaosema kilo 2.5, kuna wanaosema 2.75, na kuna wanaofunga kwenye kilo 3 ili wawe salama.

Nilifundisha sayansi kimu katika shule za Kwale hadi nilipostaafu, na mpaka leo nasimamia majiko ya harusi na hitima hapa Msambweni. Kwa hiyo vijana wa kamati ya msikiti huniletea swali hilo. "Shikamoo mwalimu. Pishi ni kilo ngapi?" Nami huwajibu, "Marahaba, wanangu. Pishi ya mchele gani, na imejazwa vipi?" Wengine hudhani nawazungusha. La. Bila kujua mambo hayo mawili, hakuna mtu awezaye kuwaambia kilo ngapi, na wazee waliotumia pishi walilijua hilo vizuri kuliko sisi tulio na mizani za betri jikoni.

Nataka kueleza walichokijua, kwa sababu tunakipoteza. Huwa tunahadithiwa kana kwamba babu zetu walipima kwa kopo kwa vile hawakuwa na mizani. Mizani walikuwa nayo. Pembe za ndovu, sandarusi na nazi kavu zilipimwa kwa mizani katika bandari za pwani hii tangu zamani. Nafaka ndiyo iliyobaki kwenye chombo, na ilibaki huko kwa sababu aliyepima nafaka alikuwa na swali lake: chakula hiki kitalisha watu wangapi, kwa siku ngapi?

Mpangilio wenyewe ulikuwa mwepesi kukumbuka. Vibaba 2 ni kisaga. Visaga 2, yaani vibaba 4, ni pishi. Pishi 60 ni jizla, ambayo wengine waliiita mzo. Upande wa mizani kulikuwa na wakia 16 kwenye ratili, na frasila iliyokuwa kama ratili 35 au 36. Ratili tuliyoizoea wakati wa Waingereza ni gramu 454, kwa hiyo frasila ni karibu kilo 16. Pande hizi mbili ziliungana mahali pamoja: pishi ya nafaka ilihesabiwa kuwa ratili 6. Hivyo pishi 6 zilifanya frasila, na jizla moja ikawa frasila 10, kiasi cha kilo 163. Mfanyabiashara aliyesimama ufukweni Vanga, jahazi linapakuliwa, aliweza kugeuza ujazo kuwa uzito kichwani kwa kugawa kwa 6. Hakuhitaji karatasi.

Wageni waliokuja kujifunza Kiswahili walilazimika kuviandika vipimo hivi mapema, kwa sababu bila hivyo wasingeweza kununua chakula. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akahamia Rabai mwaka 1846, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ambayo wengi wetu tuliikuta shuleni, inavipanga vyote: kibaba ni kama painti moja, uzito wake ratili 1 na nusu, pishi ni kama nusu galoni, uzito wake ratili 6.

Nilipokuwa mwalimu niliwapa wanafunzi wangu maelezo hayo wayajaribu kwa mchele, na hayakubali. Painti moja ya Kiingereza ni mililita 568. Ukiijaza mchele mkavu ukasawazisha juu, unapata karibu gramu 455, yaani ratili 1 kamili. Kamusi inasema ratili 1 na nusu. Nusu ratili imetoka wapi?

Sehemu ya jibu iko katika maneno mawili ambayo kila mwanamke wa umri wangu aliyasikia utotoni: tele na mfuto. Nyanya yangu alilima mpunga katika bonde la mto Umba, upande wa Vanga. Kibaba chake kilikuwa cha mbao ya mwembe, kimechongwa kwa kipande kimoja, mdomo umepanuka kidogo na ukingo umekuwa laini kwa kupitishwa mkono miaka na miaka. Alikishika juu ya uteo ili punje zinazomwagika zisipotee. Alichota, akakiinua taratibu bila kukitikisa, halafu kilichofuata kilitegemea anampimia nani na kwa nini. Kama ni kuuza au kukopesha, alipitisha ubavu wa kiganja juu ya ukingo, mara moja, kuelekea kwake, na mchele ukabaki sawa na mdomo wa chombo. Huo ni mfuto. Kama ni fitri, au ni jirani aliyefiwa, aliongeza kwa ngumi mpaka mchele ukasimama kama kichuguu na punje zikaanza kuteremka zenyewe pande zote. Hapo ndipo aliposema kimejaa. Hiyo ni tele.

Tele haikuwa ukarimu usio na kipimo. Mchele una tabia yake: ukiumwaga husimama kwa mwinamo ule ule kila mara, na ukizidisha punje huteremka. Kwa hiyo lundo la juu ya chombo kimoja halibadiliki, liwe la mikono ya nyanya au ya mjukuu. Kinachobadilisha lundo ni upana wa mdomo. Chukua vyombo viwili ambavyo vikisawazishwa vinabeba sawasawa, kimoja kirefu chembamba na kingine kifupi kipana. Kwenye kile kirefu lundo litaongeza kama sehemu moja ya kumi. Kwenye kile kipana litaongeza robo na zaidi. Muuzaji anayepima kwa tele hupenda chombo chembamba, mnunuzi hupenda kipana. Basi vibaba vya mbao vyenye midomo iliyopanuka havikuchongwa hivyo kwa urembo tu. Na mji mmoja ulipokuwa na chombo chake na mji wa pili una chake, mwandishi wa kamusi aliyechukua ujazo wa mfuto hapa na uzito wa tele pale aliishia na hesabu zisizolingana.

Ndiyo maana mapatano hayakuwa juu ya kiasi peke yake. Watu walisema vibaba vingapi, vya tele au vya mfuto, na kwa kibaba cha nani. Aliyeazima kwa chombo alirudisha kwa chombo hicho hicho. Fikihi ya Shafii iliunga mkono desturi hiyo: nafaka inapobadilishwa kwa nafaka ya jinsi yake, usawa hutazamwa kwa ujazo, ili isiingie riba. Na kila mtoto wa chuoni alifundishwa sura ya 83 ya Kurani, inayowaonya wale wanaotaka wajaziwe wanapopokea na wanaopunguza wanapowapimia wengine. Soko la kijiji lilikuwa na sheria, mashahidi na adhabu ya aibu, kabla hapajakuwa na afisa wa vipimo wa serikali.

Sasa nirudi kwenye kibaba chenyewe, kwa sababu ndicho kinachonigusa zaidi. Katika karne ya 19 wapagazi walioondoka pwani kwenda bara walipewa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Tuchukue uzito wa kamusi, ratili 1 na nusu, ambao ni gramu 680. Gramu 100 za mchele mkavu zina kiasi cha kilokalori 360. Kibaba kwa hiyo kina karibu kilokalori 2,450. Mtu yeyote aliyesoma lishe atakuambia kwamba hicho ni chakula cha siku nzima cha mtu mzima. Kwa mpagazi aliyebeba mzigo kilikuwa kidogo, tena kama hakupata kitoweo, lakini kilimweka hai. Waliotunga kipimo hiki hawakuwa na jedwali la lishe. Walikuwa na watu wa kulisha na ghala la kuangalia, na kwa uzoefu wa vizazi wakafika kwenye chombo ambacho ukikihesabu unahesabu siku za mtu mmoja. Pishi moja ni siku nne za mtu mmoja, au siku moja ya watu wanne. Jizla ni siku 240. Mama aliyekuwa na jizla ghalani na watu wanne wa kulisha alijua kwamba ana miezi miwili.

Uhusiano huo wa chombo na mtu ni wa kale kuliko pwani yetu. Kipimo cha fitri cha Madina ni vibaba vinne ambavyo Waarabu huviita mudi, na mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kimo cha wastani vilivyounganishwa. Hata huko ubishi wa ujazo na uzito ulitokea. Wafuasi wa Abu Hanifa kule Kufa walihesabu pishi hiyo kuwa ratili 8 za Iraki. Watu wa Madina walisema ni ratili 5 na theluthi. Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, alipofika Madina na kukutana na Imamu Malik, aliletewa vyombo ambavyo watu wa mji ule walivirithi kutoka kwa baba zao waliomtolea Mtume fitri. Akavipima, akavikuta ratili 5 na theluthi, akaiacha kauli ya mwalimu wake. Namheshimu mno kwa hilo. Palipokuwa na hesabu ya kwenye kitabu na chombo chenyewe, alikipima chombo.

Kwenye pwani ya kusini, chombo kilipita mikononi mwa watu wa kila aina. Wavumba wa Vanga na Wasini walivua na kusafiri, Wadigo walilima. Ng'onda na chumvi vilikwenda bara, nafaka ikashuka. Mpunga wa mabondeni ulikuwa kwa kiasi kikubwa kazi na mali ya wanawake, na kibaba kilikaa kwa mwanamke. Pemba, ng'ambo ya maji kutoka Vanga, ilikuwa ghala la mpunga la Mombasa kabla mikarafuu haijatwaa ardhi yake katika karne ya 19. Karafuu ilipopanda, mchele ulianza kuja kwa wingi kutoka Bara Hindi na baadaye Burma, na ulikuja kwa magunia.

Gunia ni kipimo kilichotoka mbali. Hakuna aliyeliona likijazwa. Linakuja limeshonwa, limepigwa muhuri wa uzito, na unaamini uzito huo au huuamini. Wamijikenda wa upande wa Kilifi waliipa jina la Magunia njaa ya mwisho wa miaka ya 1890, kwa sababu ya magunia ya chakula yaliyoletwa kutoka nje kuokoa watu. Njaa za zamani zilikumbukwa kwa walichokula watu au walikokimbilia. Hii ilikumbukwa kwa kifungashio.

Wakati huo huo mpaka ulikuwa umechorwa. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliuanzia mstari kwenye mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga. Ujerumani ilikuwa imeingia katika mfumo wa kilo na lita tangu mwaka 1872, kwa hiyo maofisa wa Tanga walihesabu kwa kilo. Maofisa wa upande wetu walihesabu kwa ratili na galoni. Wanawake wa pande zote mbili za Umba, walio ndugu na wakwe, waliendelea kupimiana kwa pishi. Mwaka 1914 vita vikafika: Wajerumani walivuka mpaka, mapigano yakafika mpaka Gazi, na Januari 1915 pakapiganwa vikali Jasini, karibu na Vanga. Jeshi hulishwa kwa posho, na posho huandikwa kwa ratili. Wengi wa wanaume wa pwani walijifunza hesabu ya mizani ya Kizungu kwa kupanga foleni ya chakula.

Kilichobadilisha soko la kijiji kuliko sheria yoyote ni bati. Mafuta ya taa yaliletwa katika madebe ya galoni 4, na debe lilipokwisha mafuta halikutupwa. Debe hubeba lita 18. Ukilijaza mchele mfuto, ni karibu kilo 15. Ukilijaza mpunga wenye maganda, ni karibu kilo 10, kwa sababu ganda hushika nafasi kubwa na uzito wake ni mdogo. Hapa pana jambo ambalo nyanya alilijua na mashine ya kukoboa inalithibitisha kwa lugha nyingine. Nyanya alisema pishi mbili za mpunga hutoa pishi moja ya mchele. Mwenye mashine anasema kilo 100 za mpunga hutoa kilo 62 hadi 65 za mchele. Mkulima akisikia nusu kwa mmoja na karibu theluthi mbili kwa mwingine anaweza kudhani mmoja wao anamdhulumu. Wote wawili wanasema kweli. Nyanya alihesabu ujazo, mwenye mashine anahesabu uzito, na mchele uliotoka kwenye ganda hujipanga karibu zaidi kuliko mpunga. Nimeona watu wakigombana mlangoni mwa mashine kwa kutojua hili peke yake.

Mwaka 1942 mfumo wa magunia ulionyesha udhaifu wake. Japani iliiteka Rangoon mwezi Machi, na mchele wa Burma uliokuwa ukilisha pande zote za Bahari ya Hindi ukakatika. Mwaka 1943 Bengali ilikumbwa na njaa iliyoua mamilioni, na Kenya nayo ikapungukiwa na chakula. Pwani, watu waliozoea wali walirudi kwenye mahindi na muhogo, na mabonde ya mpunga yaliyopuuzwa yakapata thamani tena. Wazazi wangu walikumbuka chakula cha mgao, kikipimwa kwa ratili na robo ratili, na walikumbuka pia kwamba waliokuwa na shamba bondeni walirudi kuhesabu vibaba.

Kilo ilifika rasmi baada ya uhuru. Kenya ilianza kuingia katika mfumo wa metriki mwishoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1970 ratili ilikuwa inatoka madukani. Baadhi ya vipimo vya zamani vilivaa nguo mpya tu: gunia la mahindi la kilo 90 linalotajwa kwenye habari za bei mpaka leo ni gunia la ratili 200 la wakati wa ukoloni lililogeuzwa. Hoteli za ufuo wa Diani zilipoongezeka, na Chuo cha Utalii kikafunguliwa Nairobi mwaka 1975, vijana wetu waliajiriwa katika majiko ambamo kila kitu huandikwa kwa gramu. Walirudi nyumbani na maarifa mazuri. Walikuta mama zao wakipima kwa mkebe.

Mkebe wenyewe ulikuwa wa Kimbo au Kasuku, na mpaka sasa uko Ukunda sokoni, Kombani na Lungalunga. Watu wanauita wa kilo kwa sababu umeandikwa kilo 1 ubavuni. Lakini kilo hiyo ni ya mafuta ya kupikia. Mafuta ya kilo 1 hushika kama lita 1.1. Mchele wa kujaza nafasi hiyo kwa mfuto ni kama gramu 900. Ukijaza kwa tele unaikaribia kilo. Na ule mkubwa wa kilo 2, ambao Kenya nzima inauita gorogoro, uko hivyo hivyo. Kwa hiyo mama anayepimiwa mfuto kwa mkebe na kulipa bei ya kilo anapungukiwa na gramu 100 kila mara, na muuzaji huenda hajui kwamba anapunguza. Muuzaji anayejua humwongezea lundo, na hiyo ndiyo haki yake mnunuzi. Tele ya nyanya iko palepale, imehamia kwenye bati.

Jikoni, kugeuza kati ya uzito na ujazo hakukwepeki, kwa sababu mchele hununuliwa kwa kilo na maji hupimwa kwa chombo. Haya ndiyo ninayoyatumia. Kikombe cha mililita 250, kilichojazwa mfuto bila kutikiswa, hubeba karibu gramu 200 za mchele mkavu. Kwa hiyo kilo 1 ni vikombe 5, sawa na lita 1 na robo. Mchele mwembamba mrefu, kama basmati na baadhi ya pishori, hukaa kwa kupishana na kuacha nafasi, hivyo kikombe chake ni chepesi kidogo. Mchele mfupi mnene hujipanga karibu na kuwa mzito. Chenga hujaza mianya na kuzidi. Ukitikisa kikombe au kukigonga mezani, punje hushuka na unaweza kuongeza kama sehemu moja ya kumi. Mchele wa mwaka huu uliotoka bondeni una unyevu zaidi kuliko uliokaa ghalani, kwa hiyo unataka tui kidogo, la sivyo wali hushikana kama bokoboko.

Kwa wali wa nazi wa nyumbani naanza na vikombe 2 vya tui jepesi na maji kwa kikombe 1 cha mchele uliokaa, halafu tui zito mwishoni kabla ya kupalia makaa juu ya kifuniko. Kwa sufuria ya harusi, uwiano huo unavunjika. Mchele hunywa kiasi kile kile kila punje, lakini mvuke hupotea kwa upana wa sufuria na muda wa moto, na sufuria ya kilo 20 haina mdomo mpana mara 20 kuliko ya kilo 1. Ukizidisha maji kwa 20 utapata uji. Mpishi wa zamani hakuzidisha. Alitia kidole juu ya mchele uliotulia na kuacha maji yapite kwa pingili moja au moja na nusu, sufuria iwe ndogo au kubwa, na kipimo hicho cha urefu kilimsahihisha bila hesabu. Wapishi waliotoka hotelini wakiwa na gramu zao wanaofanya kazi nami wameuchukua ujuzi huo, nami nimechukua mizani yao ya kupimia viungo. Kwa pilau ya hitima tunahesabu kilo 1 ya mchele kwa watu 8, na hilo ni sahihi kwa mlo mmoja wenye nyama. Ukiigeuza kwa lugha ya nyanya, kibaba kimoja kinalisha watano au sita kwa mlo mmoja wa karamu. Kwake yeye kilikuwa cha mtu mmoja kwa siku, bila nyama. Tofauti hiyo inaonyesha ni kiasi gani tumebadilika katika kula.

Sasa naweza kuwajibu vijana wa msikiti kikamilifu. Wengi wanaohesabu kwa mudi ya Shafii huifikisha pishi ya fitri kwenye lita 2.75 hivi. Mchele wa lita hizo, kwa mfuto, ni kati ya kilo 2.2 na 2.35 kulingana na aina. Ukijaza kwa tele au ukiutikisa, unafika 2.5. Pishi ya kamusi ya ratili 6 ni kilo 2.72, ndiyo ile 2.75 wanayoitaja baadhi ya wazee. Kilo 3 inazifunika zote. Kwa hiyo majibu yale matatu hayapingani. Kila moja limechagua pishi yake au namna yake ya kujaza. Uamuzi wa kipi kitolewe ni wa masheikh, na sitaki kuwaingilia. Ninachoomba ni kamati ichukue chombo cha lita 2.75, inunue mchele ule ule itakaougawa, iupime, na iwatangazie watu namba iliyopatikana pamoja na aina ya mchele. Anayetoa unga au mahindi apimiwe vyake, kwa sababu kilo ya unga na kilo ya mchele hazijazi chombo kimoja.

Naomba pia jambo la pili kwa shule zetu za Kwale. Mtoto wa darasa la tano anafundishwa gramu na mililita kama vitu viwili visivyojuana. Mpe mkebe wa Kimbo, mizani, mchele, mpunga na mahindi. Ajaze mfuto, apime, ajaze tele, apime, aandike. Kwa asubuhi moja atakuwa amejifunza ujazo, uzito, sehemu, asilimia, na namna ya kumlinda mama yake sokoni. Na mwenye kibaba cha mbao nyumbani, kama bado hakijaliwa na mchwa, akilete darasani kipimwe lita na gramu zake na ziandikwe kwa kijiji na kwa ukoo wake. Vibaba vya Vanga, Wasini, Gazi na Kinondo havikuwa sawa, na tukivipima sasa tutajua kila mji uliona chakula cha siku moja cha mtu ni kiasi gani. Hakuna kamusi itakayotuambia hilo kwa niaba yetu, na vilivyobaki ni vichache.